Tusingoje Misuli Ilalamike: Hotuba kwa Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Distrofia ya Misuli

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazazi, walimu na wahudumu wa afya. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari zenu. Na nyinyi vijana mliokaa hapa mbele na viti vyenu vya magurudumu, asanteni kwa kuja, maana bila nyinyi ningekuwa nawasema watu wasiokuwepo.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi yangu ni kunyoosha miguu, kupima magoti, kumwelekeza mama namna ya kumgeuza mtoto kitandani bila kuumiza mgongo wake mwenyewe. Leo nina jambo moja tu, nalo nitalirudia hadi mlichoke: ugonjwa huu hututangulia. Kila tunapoiona dalili, wenyewe ulishafika siku nyingi. Basi na sisi tujifunze kuutangulia.

Tunaposema ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, au distrofia ya misuli, hatusemi ugonjwa mmoja. Ni ukoo mzima. Upo ambao mtoto huzaliwa nao akiwa mlegevu tangu siku ya kwanza, upo unaoshika mabega na nyonga, upo unaoanzia usoni. Mimi nitakaa na Duchenne, kwa sababu ndio unaowapata watoto wengi kuliko aina nyingine: takriban mvulana mmoja katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Una mdogo wake, Becker, unaotokana na jeni hiyohiyo lakini unaokuja taratibu zaidi. Mengi nitakayosema yanawahusu na hao wengine.

Jina ni la daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, aliyeueleza katika miaka ya 1860, ingawa Mwingereza Edward Meryon alishawaeleza watoto wa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1850. Waliona misuli inakufa; hawakujua kwa nini. Sababu ilipatikana zaidi ya miaka mia moja baadaye, 1986 na 1987, pale watafiti wa Boston wakiongozwa na Louis Kunkel walipoipata jeni yenyewe, kisha protini inayotokana nayo. Wakaiita distrofini.

Distrofini hukaa chini ya utando wa kila uzi wa msuli na kuushikilia usichanike msuli unapokaza na kulegea. Mtoto asiye na distrofini, misuli yake ni kama kitambaa kisichopindwa: kila kikitumika, nyuzi chache zinachomoka ukingoni. Mwili wa mtoto mdogo unashona upya. Unashona, unashona, hadi uwezo wa kushona unakwisha, na pale palipokuwa na msuli panajaa mafuta na makovu.

Sasa nisikilizeni hapa. Kuchomoka huko kunaanza lini? Mtoto anapoanza kuangukaanguka? Anapochelewa kutembea? Kunaanza mapema kuliko hapo. Kuna kimeng'enya cha msuli kinachoitwa CK. Msuli ukichanika, CK humwagika kwenye damu. Mchukue mtoto mchanga mwenye Duchenne, ananyonya vizuri, anacheka, hana tofauti na wenzake, umpime: CK yake iko juu tayari. Miaka miwili, mitatu, minne inapita, misuli inachanika kila siku, na sisi tunasema mtoto ni mzima ila ni mvivu kidogo.

Niwaambie habari ya mtoto mmoja. Alikuwa na miaka minne hivi. Alipelekwa hospitali kwa homa ya kawaida, damu ikapimwa, vipimo vya ini vikaja vibaya. Vile viwili, ALT na AST, viko juu mara kadhaa. Basi safari ya ini ikaanza. Dawa za ini, mlo wa ini, vipimo vya kila aina ya homa ya ini, vyote vinarudi safi. Ilifika mahali familia ikaelezwa kwamba mtoto atachomwa sindano kwenye ini, kitoke kipande kipimwe. Mama yake, wakati wote huo, alikuwa akirudia neno moja: "Lakini huyu ngazi zinamshinda." Hakuna aliyeliokota neno lile.

Kilichomwokoa ni muuguzi. Alimwona mtoto akiinuka kutoka sakafuni kwenye chumba cha kusubiria, akaenda kumwambia daktari, "Njoo umwangalie tena anavyosimama." CK ikapimwa. Kwa mtoto wa kawaida kipimo hicho hukaa kwenye 200 au chini yake. Chake kilikuwa maelfu kwa maelfu, zaidi ya 15,000.

Madaktari na wauguzi mliopo, naomba mlichukue hili hata kama mtasahau mengine yote: ALT na AST hazitoki kwenye ini peke yake. Msuli nao unazo. Mvulana mdogo akija na ALT na AST za juu, na GGT yake, kipimo kingine cha ini ambacho hakitoki kwenye msuli, iko sawa, usimguse ini kabla hujapima CK. Ni kipimo kidogo cha damu, na majibu hayachukui muda.

Na yule muuguzi aliona nini pale sakafuni? Daktari William Gowers wa London alikieleza kitu hicho mwaka 1879, na hadi leo kina jina lake. Wazazi, kiangalieni nyumbani. Mkalishe mtoto chini, mwambie asimame bila kushika ukuta wala kiti. Mtoto mwenye nyonga zenye nguvu ananyanyuka tu, hata hujui amefanyaje. Huyu wetu anajigeuza kwanza kuelekea chini. Anaweka mikono na magoti. Anainua makalio juu, miguu kaipanua. Kisha mkono mmoja unakuja gotini, wa pili unafuata, na anaanza kuupanda mwili wake mwenyewe: magoti, mapaja, anajisukuma, hadi kifua kinasimama. Akimaliza, anakutazama kama mtu aliyefanya jambo la kawaida kabisa. Kwake ni la kawaida. Hajawahi kusimama kwa namna nyingine.

Yapo na mengine. Mashavu ya miguu kuwa makubwa na magumu, watu wakasema mtoto ana miguu ya mwanasoka, kumbe sehemu ya unene ule ni mafuta na makovu. Kutembea kwa vidole. Kuyumba kama bata. Kuchelewa kutembea hadi baada ya miezi 18. Na hili wengi hawalijui: kuchelewa kusema. Distrofini hufanya kazi ubongoni pia, ndiyo maana baadhi ya watoto hawa wanapata shida ya kusoma, ya kutulia, au ya kuchangamana na wenzao. Mtoto wa kiume aliyechelewa kusema na anayechelewa kukimbia, CK apimwe. Tusingoje aanguke.

CK ikiwa juu, kinachofuata ni kipimo cha jeni. Jeni ya distrofini ni miongoni mwa jeni kubwa kabisa za binadamu zinazojulikana. Ina vipande vinavyoitwa eksoni, na eksoni hizo ni 79. Ndiyo sababu Siku ya Duchenne Duniani ni tarehe 7 mwezi wa 9. Kwa watoto wengi kinachokutwa ni kwamba eksoni moja au kadhaa hazipo. Kwa wengine zimejirudia. Kwa waliobaki kuna kosa dogo la herufi moja au mbili. Msiridhike na kuambiwa "ni Duchenne." Ulizeni kosa liko wapi, eksoni ya ngapi, na karatasi ya majibu muitunze kama mnavyotunza cheti cha kuzaliwa. Nitarudi kwenye karatasi hiyo.

Sasa nije kwenye dawa, na hapa nataka niseme taratibu.

Hakuna dawa inayouondoa ugonjwa huu. Mzazi anayeambiwa hivyo mara nyingi husikia kitu kingine: kwamba hakuna la kufanya. Hiyo si kweli, na ubishi huu ninao kila wiki. Steroidi, yaani prednisoni au deflazakoti, zinampa mtoto miaka zaidi ya kutembea, zinachelewesha mgongo kupinda, zinalinda nguvu ya mikono na ya kupumua. Prednisoni hutolewa kwa kawaida miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Deflazakoti miligramu 0.9. Na zinaanzwa lini? Mtoto anaposhindwa kutembea? Kabla. Zinaanzwa akiwa bado anatembea, kabla nguvu haijaanza kuporomoka, mara nyingi kati ya miaka minne na sita. Na kabla hazijaanza, chanjo zikamilike, hasa zile za virusi hai kama surua na tetekuwanga, maana akishakuwa kwenye dozi kubwa ya steroidi chanjo hizo hazifai.

Madhara yapo. Uso unajaa, uzito unapanda, kimo kinasimama, balehe inachelewa, mifupa inakuwa dhaifu, mtoto wa jicho anaweza kuingia, na hasira, hasira hizo wazazi mnazijua. Yote haya yanajadilika. Dozi inaweza kupunguzwa, ratiba inaweza kubadilishwa, vitamini D ipimwe na iongezwe, macho yaangaliwe, mgongo upigwe eksirei kwa sababu pingili zinaweza kuvunjika bila mtoto kusema. Kitu kimoja tu hakijadiliki: kuziacha ghafla.

Namkumbuka mvulana mmoja wa miaka tisa. Wenzake shuleni walimtania sana kwa uso wake ulivyojaa. Bibi yake, kwa huruma tu, na ni huruma ya kweli, akazificha zile dawa. Baada ya siku chache mtoto akaanza kutapika. Akawa baridi, amelegea, hasemi vizuri, shinikizo la damu limeshuka. Alifikishwa hospitali akiwa karibu kuzimia. Nini kilitokea? Mwili unaopewa steroidi kila siku huacha kutengeneza za kwake. Zile tezi ndogo zilizo juu ya figo hulala. Ukikata dawa ghafla, tezi haziamki papo hapo, na mtoto anabaki bila kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto akitapika dawa zake, akipata homa kali, akivunjika mfupa au akienda kupasuliwa, anahitaji steroidi zaidi, wala si pungufu. Mwombeni daktari awaandikie mapema: akiumwa tufanye nini, dozi ipi, sindano ipi. Iandikwe na ibandikwe mahali bibi ataiona.

Yule mvulana alipona. Na bibi yake ndiye anayemhesabia vidonge hadi leo.

Sasa kwenye kazi yangu mwenyewe. Misuli ya Duchenne inapodhoofika, haidhoofiki kwa usawa. Mmoja unavuta kuliko mwenzake, na kiungo kinafuata kinakovutwa. Kisigino kinapanda, goti linajikunja, nyonga inajikunja. Kiungo kikishaganda, kunyoosha hakukirudishi. Kunyoosha ni kwa kiungo ambacho bado kinakwenda. Kwa hiyo tunanyoosha lini? Mnajua jibu.

Baba mmoja alikuja kwangu akiwa amechoka kabisa. Kila jioni alimnyoosha mwanawe, kila jioni mtoto alilia, na visigino vilikuwa vinazidi kupanda. Nikamwambia, nionyeshe. Akazishika ncha za vidole vya mguu akazisukuma kuelekea uso wa mtoto. Kwa macho mguu ulikunjika vizuri. Lakini ulikuwa unakunjikia katikati ya unyayo. Kano ya kisigino yenyewe haikuguswa. Nikamchukua mkono. Kisigino kikae ndani ya kiganja chako, kishike kama unavyoshika yai. Goti la mtoto limenyooka. Vuta kisigino kuelekea kwako kwanza, ndipo unyayo wote uulaze kwenye mkono wako, uegemee mbele polepole, uhesabu hadi thelathini, uachie. Mtoto asilie. Akilia anakaza, akikaza hunyooshi kitu. Yule baba alijaribu mara ya kwanza, mtoto akatulia. Baba akasema, "Kumbe." Neno hilo moja tu, akanyamaza, akaendelea na mguu wa pili.

Fanyeni hivyo siku nyingi za wiki, nne hadi sita, kwa muda mfupi. Usiku avae vishikizo vya vifundo vya miguu alale navyo. Kuogelea ni kuzuri sana, kuendesha baiskeli polepole ni kuzuri. Kunyanyua uzito na kumkomaza mtoto eti apate nguvu ni kumharibu.

Na walimu wangu, hapo ndipo mnapoingia nyinyi. Msuli wa mtoto huyu huchanika zaidi unapokaza huku unarefuka. Maneno ya kitaalamu, lakini maana yake ni kushuka ngazi, kuruka na kutua, kuchuchumaa na kuinuka. Mvulana mmoja aliadhibiwa pamoja na darasa zima: kuchuchumaa na kusimama, kuchuchumaa na kusimama. Hakutaka kuonekana tofauti, akafanya hadi akaanguka. Usiku ule mkojo wake ulitoka wa rangi ya kahawia, nyeusi kama chai iliyokolea. Msuli ulikuwa umevunjika kwa wingi na kuingia kwenye damu, na figo zilikuwa hatarini. Mwalimu hakuwa mtu katili. Hakuna aliyemwambia. Alipoambiwa, yeye mwenyewe alilihamishia darasa lile chini, lisiwe la ghorofani tena, na hilo lilimsaidia mtoto kuliko mengi tuliyoyafanya sisi wa hospitali. Wazazi, waambieni walimu. Msifiche kwa kuogopa mtoto atatengwa. Anatengwa zaidi anapoitwa mvivu.

Naja kwenye kiti cha magurudumu. Najua wapo humu wanaokichukia. Nimesikia mara nyingi: "Tukimkalisha, ndio tumemkatia tamaa." Bila steroidi, watoto wengi huacha kutembea kabla ya kufikisha miaka 13, wakiwa na steroidi wengi husogea mbele ya hapo. Lakini miezi ya mwisho ya kutembea ndiyo ya kuanguka, na mfupa dhaifu wa steroidi ukivunjika, mara nyingi mtoto harudi kusimama tena. Kiti kianze kwa safari ndefu, huku nyumbani bado anatembea. Kijana mmoja, yupo humu lakini sitamnyooshea kidole, alikikataa kiti mwaka mzima. Nilimuuliza baada ya kukizoea, kimekusaidia nini? Akanijibu, "Zamani nilikuwa namngoja rafiki yangu aje. Sasa namfuata." Mimi sina la kuongeza.

Sasa sikilizeni kwa masikio mawili, maana hapa ndipo tunapowapoteza watoto. Miguu inaonekana. Moyo na mapafu havionekani.

Moyo ni msuli, nao unahitaji distrofini. Kwa kawaida moyo unaposhindwa mtu anahema akipanda ngazi, anachoka akikimbia. Mtoto huyu hapandi ngazi. Hakimbii. Moyo wake haupati nafasi ya kulalamika, unaharibika kimyakimya akiwa amekaa. Kwa hiyo tusingoje dalili, kwa sababu dalili haiji, au inakuja jioni mno. Moyo upimwe siku ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Na akifikisha miaka 10 aanzishiwe dawa za kulinda moyo, zile za kundi la ACE ambazo hutumiwa pia na wenye shinikizo la damu, hata kama kipimo kinaonyesha moyo mzuri. Nasema tena: hata kama ni mzuri. Daktari akisema "tusubiri kwanza," muulizeni kwa adabu anasubiri nini.

Mapafu nayo. Kuanzia miaka mitano au sita mtoto apulize kwenye kipimo cha pumzi kila mwaka, tujue alipokuwa na anakoelekea. Kijana mmoja wa miaka 16 aliletwa kwa sababu amekuwa mzito darasani. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia, alama zimeshuka, nyumbani ugomvi kila siku. Kila mtu alidhani ni ujana. Nilimuuliza mama yake swali moja: usiku anaamka mara ngapi kuomba kugeuzwa? Mara nyingi, akasema, na hulala akiweweseka. Alipopimwa usingizini, hewa chafu ya kaboni ilikuwa inajikusanya kwenye damu yake kila usiku, kwa sababu misuli ya kupumua ilikuwa inachoka akilala. Akapewa mashine ya kusaidia kupumua usiku, ile ya kuvaa usoni. Kichwa kikaacha kuuma, na ugomvi nyumbani ukapungua wenyewe.

Mtoto wa namna hiyo akifika hospitali akihema, jambo la haraka kwa kila mtu ni kumwekea oksijeni. Oksijeni peke yake, bila kupima kaboni na bila kumsaidia kupumua, inaweza kumlaza asiamke. Na kikohozi chake kikiwa dhaifu asaidiwe kukohoa, kwa mikono iliyofundishwa au kwa mashine, kabla mafua hayajageuka kuwa nimonia.

Mambo mawili ya dharura, nayapita haraka lakini yaandikeni. La kwanza: akitakiwa kupasuliwa au hata kung'olewa jino kwa nusukaputi, daktari wa usingizi ajue kabla. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoniamu ni mwiko kwake, na gesi za usingizi za kuvuta ziepukwe. Zinaweza kuusimamisha moyo. La pili: akianguka au akivunjika mfupa, kisha ndani ya masaa au siku chache akaanza kuhema na kuchanganyikiwa, kimbieni. Mafuta kutoka ndani ya mfupa yanaweza kuwa yameingia kwenye damu na kufika mapafuni na ubongoni. Haya yote yaandikwe kwenye kadi moja, ikae kwenye mkoba wa mtoto.

Mtaniuliza habari za tiba mpya. Ile karatasi ya jeni niliyowaambia, hapa ndipo kazi yake. Tangu 2016 Marekani imekuwa ikiidhinisha dawa za kurukisha eksoni, yaani kuufanya mwili usome jeni ukiruka kipande kibovu. Kila dawa inafaa kosa lake tu. Mwaka 2023 iliidhinishwa tiba ya kwanza ya kumwingizia mtoto jeni fupi ya distrofini kwa kutumia virusi visivyodhuru. Haijaponya ugonjwa, na mwaka 2025 vijana wawili ambao hawakuwa wakitembea tena walikufa kwa ini kushindwa baada ya kuipata. Siwavunji moyo, matumaini ni ya haki. Lakini mtu akikuahidi seli za kuponya kila aina ya distrofia bila hata kuuliza mtoto ana kosa gani la jeni, mwondokee. Na mtoto ambaye moyo, mapafu na viungo vyake vimelindwa ndiye atakayekuwa na hali ya kuipokea tiba nzuri ikija. Katika miaka ya 1960 wengi wa hawa walifariki kabla hawajafika miaka 20. Leo, wanaolindwa moyo na kupumua wanafika miaka 30 na zaidi, wanasoma vyuo, wanaajiriwa. Basi tuwalee kama watu watakaokuwa watu wazima. Akikuuliza, "Mama, nitapona?", usimwambie ndiyo. Mwambie misuli yake ina ugonjwa, hakumkosea mtu, na kila siku mnaulinda mwili wake pamoja. Kisha mwache aulize tena kesho. Atauliza.

Nimalizie na akina mama. Jeni hii iko kwenye kromosomu X, na mvulana X yake huipata kwa mama. Basi lawama zinajua pa kwenda. Nimeona ndoa zikivunjika kwa hilo. Naomba wanaume mliopo mnisikie: katika takriban theluthi moja ya watoto hawa, kosa lilianza kwa mtoto mwenyewe, mama hana. Na mama aliye nalo hakulichagua. Alilipokea kama alivyopokea rangi ya macho yake. Kwa kila mimba, mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, na wa kike nusu kwa nusu ya kulibeba. Kwa hiyo mama apimwe jeni, na dada zake wanaopanga kuzaa wapewe habari kabla, bila siri na bila aibu.

Lakini kuna jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mama anayebeba jeni hii, moyo wake nao unaweza kudhoofika, hata kama miguu yake ni mizima na anambeba mtoto mgongoni. Kila mwaka mnawaleta watoto kupimwa moyo, mnakaa kwenye benchi, mnashika mikoba. Safari ijayo, mtoto akishuka kitandani, panda wewe. Mwambie daktari nimekutuma, kama hujapimwa upimwe, kisha urudie kila baada ya miaka mitatu hadi mitano au kama atakavyokwambia. Fomu za kujiandikisha kwa kipimo hicho wanazo wauguzi pale mlangoni, na mimi nitabaki hapa kwa maswali hadi la mwisho.